Kufuli la Chumba cha Mbele

Kila asubuhi fundi cherehani hufungua chumba cha mbele, hufagia vipande vya nyuzi, kisha hutia cherehani mafuta. Asubuhi hiyo ufunguo uligoma. Mlango ulikuwa na kufuli jipya.

Kaka yake, seremala, alisimama uani amekunja mikono.

"Kaka, ndani kuna gauni la bibi harusi! Anaolewa Jumamosi."

"Nyumba ya baba ni yangu pia. Chumba nakitaka."

"Ukifanyie nini?"

"Nitajua mwenyewe."

Fundi alikwenda moja kwa moja ofisi ya msaada wa kisheria.

"Amenifungia chumba, na yeye afungwe!" alimwambia wakili.

Wakili, mama wa makamo, alicheka kidogo. Akauliza habari za nyumba, kisha akasema, "Mmerithi nyote wawili na hamjagawana. Mmoja hawezi kumfungia mwenzake nje. Tukienda mahakamani, naona utashinda."

"Basi twende!"

"Na baada ya kushinda? Si mnachota maji bomba moja?"

Fundi, aliyekuwa ameshainuka, akaketi tena.

"Dada yangu, sheria imewekwa ili watu waweze kuishi pamoja. Nikisoma kifungu bila kuwatazama ninyi, nitakuwa nimesoma nusu. Nataka kukiona chumba, na kumsikia kaka yako. Huo ndio usuluhishi. Ukishindikana, mahakama haijahama."

Walimkuta kaka uani. Wakili alimweleza haki ya dada yake, hakumficha kitu.

"Kufuli litoke leo. Hilo halina mjadala."

Kaka akafungua shingo upande. Gauni lilikuwa salama juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Sasa zamu yako," wakili alimwambia. "Chumba unakitakia nini?"

"Kuwekea mbao."

"Mbao zako si ziko karakana?" alidakia dada.

"Subiri, dada. Mwache aseme."

Kaka aliitazama ile meza, bado mpya. Akapitisha kidole kwenye maungio.

"Imepinda," alinong'ona.

"Niliona una kazi nyingi, kaka. Nikamwita fundi mwingine nisikusumbue."

"Eti usinisumbue! Mtaa mzima umemwona mgeni akipigilia misumari nyumbani kwa baba, na mimi seremala nipo hapa hapa. Chumba sikitaki. Nilitaka uniite mimi."