Mnara wa Mto Hauna Mtu

“Mwanangu amezikwa, na huyu amerudi mzima!” Efimia alisema. “Mimi nimshike mkono? Mshike wewe, Jemadari, kama unampenda hivyo.”

“Wangu haufai, mama,” Jemadari Yoanes akajibu. “Ungefaa, ningekuwa nimemshika tangu alfajiri.”

Walibishana mbele ya mlango wa kanisa, ndani ya ngome ya Sonki, zama zile wafalme Wakristo walipotawala Nubia kandokando ya mto Nili. Ngome ilikuwa imezingirwa kwa siku ya nane sasa. Wapanda farasi wa kaskazini, wenye deraya za chuma na ngao ndefu, walikuwa wakiunda ngazi, na nyundo zao zilisikika hadi pale. Mnara wa mto, wenye nafasi ya mpiga upinde mmoja tu, ulikuwa mtupu. Mlinzi wake aliuawa kwa jiwe la teo jana yake.

Aliyegombaniwa, Mashuda, alikuwa amepiga magoti kwenye majivu ya toba nje ya kizingiti. Sonki nzima haikuwa na mpiga upinde kama yeye. Mwaka uliotangulia aliwekwa kulinda mnara uleule. Adui walipoukwea ukuta akatoroka, na Merkuri, mwana pekee wa Efimia, akauawa akizuia ngazi peke yake. Asubuhi hii Mashuda alirudi, akiuogelea mto chini ya mishale ya adui.

Sheria ya Sonki ilikuwa moja. Hakuna aliyepanda ukutani bila kula kiapo madhabahuni, na aliyekimbia vita hakuvuka kizingiti cha kanisa mpaka mzazi wa aliyekufa kwa kosa lake amshike mkono, amwingize.

“Hata Petro alimkana Bwana mara tatu,” kasisi akasema kutoka mlangoni.

“Najua alichofanya Petro, baba. Petro hakuniulia mtoto.”

Jemadari akajaribu tena. “Mama, kamba ya upinde wake ilikatika siku ile. Mtu afanye nini na ukuni mtupu?”

“Nani aliiona ikikatika?”

“Ndivyo watu wasemavyo.”

“Watu uliowatuma wewe.” Efimia akamgeukia Mashuda. “Una mdomo. Kamba ilikatika?”

Jemadari alimkazia macho Mashuda, akimwashiria akubali. Neno moja lingetosha.

“Haikukatika,” Mashuda akasema. “Ilikuwa nzima, na mishale kumi na saba ilibaki kwenye podo. Niliogopa. Merkuri aliniita kwa jina mara mbili, nikamsikia, nikaendelea kukimbia.”

“Umetumaliza, mpumbavu wewe!” Jemadari akafoka.

Kwa mwaka mzima majirani walimwambia Efimia kwamba mwanawe alikufa kwa pigo moja, bila kutoa sauti. Hakuwahi kuwaamini, na alikuwa amechoka kuwashukuru.

“Na leo huogopi?” akauliza.

“Naogopa.”

“Basi umefuata nini?”

“Bado ananiita.”

Nyundo zilikuwa zimenyamaza. Mlinzi akapiga kelele kutoka ukutani: ngazi zinakuja, nne, upande wa mto!

“Mwenye kovu usidhani kapoa,” Efimia akamwambia Mashuda. “Usikanyage nyumbani kwangu, wala usiniite mama. Hayo mengine nitayazungumza na Mungu, tukiiona kesho. Simama.”

Mashuda akasimama. Efimia akamkamata kifundo cha mkono, kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi, akamvusha kizingiti na majivu yake miguuni.

“Mwapishe, baba,” akasema, “na usirefushe.”

Hakumtazama Mashuda usoni, lakini hakumwachia mkono mpaka neno la mwisho la kiapo. Kisha akamsukuma mgongoni kuelekea ngazi ya mnara, naye Mashuda akapanda mbio.