Amri Ambayo Devotha Hakuiandika

Devotha hakupenda kuandika amri upya. Kompyuta ya ofisi ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Kilosa, ilitunza kila amri iliyowahi kuandikwa, basi yeye alibonyeza mshale wa juu mpaka iliyofaa ijitokeze, akabadili jina, akapiga Enter. Serikali ilikuwa imeliuza shamba, mwekezaji alikuwa akipunguza watu, na kazi ya Devotha ilikuwa kufuta majina yao.

Asubuhi moja mshale ulileta “futa kondo”. Hakukumbuka kuiandika. Kondo alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukamua mkonge, wala hakuwa amepunguzwa. Lakini kidole kilishazoea. Kikapiga Enter kabla akili haijafika.

Mchana korona ilimvuta Kondo mkono, kisha mwili wote.

Kesho yake ofisi ilinuka mkonge uliooza, na Devotha, macho yamemvimba kwa kilio cha msibani, aligusa mshale, ikaja “futa imani”, jina la bintiye wa pekee, ambaye hata hakuwa mfanyakazi, ambaye saa hiyo alikuwa darasani, na amri ile ikakaa palepale ikikisubiri kidole chake, mpaka akaificha mikono kwapani akatoka mbio.

Mlinzi wa shamba alimletea mganga, mzee Machibya, wakarudi naye ofisini.

“Shikamoo, babu,” Devotha alinong'ona.

“Marahaba. Sema taratibu, anatusikia.”

“Anamtaka mwanangu.”

“Jini huyu huandika tu. Anayeua ni anayekubali. Na wewe ulishakubali mara moja, mama.”

Maneno hayo yalimkata maini. Machibya akafukiza ubani, akamwamuru afute amri zote za zamani, naye akafuta. Harufu ikaisha.

“Humu hayumo tena,” mzee akasema.

Jioni Devotha alipika ugali na mlenda, akacheka na bintiye, moyo umetulia. Imani akautazama mkono wa mama yake mezani.

“Mama, unagonga nini?”

Vidole vilikuwa vikicheza juu ya meza, vyepesi, kama vya kazini. Devotha akaukamata mkono ule kwa mwingine, lakini na huo mwingine ulikuwa ukiandika, na mapigo yake aliyajua, herufi kwa herufi, na kidole cha mwisho cha kulia, kile cha Enter, kikanyooka, kikashuka.

Imani akapaliwa na tonge.