Mkono Uliozoea Fataki

Saa mbili asubuhi.

Kapteni Pruitt alichora benki kwa kipande cha mkaa juu ya meza ya fundi. Mlango mmoja. Karani mmoja. Kasha moja la chuma.

"Mimi na Lyle tunaingia. Wick anashika farasi. Saa nne, mji mzima ukiwa kwenye mnada wa ng'ombe."

Chumba kilikuwa cha Oehler, Mjerumani aliyetengeneza bunduki za nusu ya Missouri bila kuuliza za nini. Alifunua kitambaa. Bastola ilikuwa na umbo lile lile la vitani, la baruti ya kumimina na fataki, kile kifuniko kidogo cha shaba ambacho nyundo ya bastola hukigonga ili kuiwasha baruti. Ila Oehler alikuwa ameikata silinda kwa nyuma, akaiunga upya, na sasa ilikula risasi za ganda, zenye baruti yake ndani.

"Ukiitaka, niachie na hiyo kuukuu yako," alimwambia Lyle. "La sivyo, bei inapanda."

Kuukuu ile ilikuwa imelala kiunoni mwa Lyle tangu vita. Lakini katika kazi iliyopita mvua ililowesha baruti, na mdogo wake akafa akisubiri bastola ilie. Akaitoa. Oehler akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

"Haya, ijaribu," Kapteni akasema.

Uani, Lyle alipasua chupa ya kwanza. Kisha mkono ukainua mtutu juu mbinguni, ndipo akavuta nyundo. Chupa ya pili. Mtutu juu tena. Wote waliopigana kwa fataki walifanya hivyo, ili fataki iliyokwisha kulipuka idondoke, isikwamishe nyundo.

Wick akacheka. "Mzee anamsalimia Mungu kila risasi."

"Humo hamna fataki," Kapteni akasema. "Ukiinua hivyo mbele ya karani mwenye bunduki, umekufa. Na mimi nimekufa."

"Mkono utajifunza."

"Kabla ya saa nne? Mpe Wick. Wewe shika farasi."

"Niwashike nikiwa na nini mkononi? Yangu iko drooni."

"Hatamu."

Wick aliichomoa bastola mkononi mwa Lyle, akaipuliza mtutu kama yake ya kuzaliwa.

Saa nne.

Lyle alisimama nje ya benki na farasi watatu. Ndani ulilia mlio wa risasi. Kisha mwingine. Ng'ambo ya barabara kinyozi akatoka na bunduki ndefu, na muuza ngano na yake. Walimtazama Lyle, wakatazama farasi, wakaelewa. Lyle akapapasa kiuno. Mkanda mtupu.

Alirukia farasi wake, akatoka mbio. Hatamu za wale wawili hakuziachia.

Kapteni alitokea mlangoni, gunia begani.

"Lyle, ndugu yangu. Rudi."

Siku zote alikuwa akimwita "wewe".

Wick, nyuma yake, akaulenga mgongo wa Lyle. Kapteni akaupiga mkono wake chini. "Acha, utatuulia farasi."

Wick akangoja nafasi safi. Bunduki za ng'ambo hazikungoja.