Kurasa Nne za Bibi Mwantumu

Siku ile ya Agosti 1950 soko la Nachingwea lilifurika. Wakulima wa ufuta walikuwa wakibishania bei, vibarua wa mradi wa karanga wamepokea mshahara, na vumbi jekundu limepanda mpaka kwenye mabati. Nyuma ya soko, ndani ya ghala, walimu wa shule za vijijini walikuwa wamepiga magoti mbele ya masanduku ya vitabu, wakichakura kama watu wanaochagua viazi.

"Kila shule vitabu kumi!" Lukumani, karani wa ghala, alipaza sauti. "Hadithi za sungura mnazo nyumbani. Chukueni vya maarifa na vya maisha ya watu."

Saadi, mwalimu wa Likunja upande wa Ruangwa, alishika kitabu cha nyuki. Mkono mwingine, wenye hina, ulikuwa umeshakishika.

"Niachie, Mwalimu. Nimekiona mwanzo."

"Umekiona kwa macho. Mimi nimekishika."

"Kwani Likunja hakuna nyuki?"

"Wamejaa tele."

"Basi watoto wako wakatazame nyuki wenyewe. Wa Marambo wasome."

Saadi alicheka, akakiachia. Aliyemshinda alikuwa Swaumu binti Seleman, mwalimu wa wasichana huko Marambo. Alivaa gauni la maua madogo, kanga mpya kichwani, na alijua fika kwamba amependeza. Saadi mwenyewe alikuwa katika kaptura ya khaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

Wakachagua pamoja. Kitabu cha udongo, cha homa ya malaria, cha gari la moshi. Walipofika kwenye maisha ya watu, wakakwama.

"Huyu nani?"

"Nahodha. Alizunguka dunia."

"Na huyu?"

"Nahodha mwingine."

"Hawa manahodha hawakuwa na mama zao?" Swaumu aliuliza, wakacheka mpaka Lukumani akawakazia macho.

"Watoto wangu wataniuliza," alisema Saadi, "kwani watu wa kwetu hawana maisha?"

"Basi mwandike bibi yangu. Ana miaka zaidi ya sabini na mdomo wake haujachoka."

Swaumu alitania. Saadi, masikini, hakutania.

Mapenzi yakashika. Barua zilisafiri katika lori la Filbert, dereva wa kati ya Ruangwa na Nachingwea, naye akawa anapiga honi mara tatu akiwa nayo. "Mpenzi wangu," aliandika Saadi, "nyuki wa Likunja wanakusalimu." "Waambie wasiume," alijibu Swaumu, "nawataka wazima." Haikupita miezi mitatu, mshenga akaenda Marambo. Bwana Seleman, baba yake Swaumu, akapokea posa. Harusi ingekuwa baada ya mavuno.

Likizo ya Desemba Saadi alikwenda Marambo na daftari. Bibi Mwantumu, mama yake Bwana Seleman, alimpigia kigoda kofi.

"Kaa hapa, mume wangu. Na huyo Swaumu tutakugawana, mimi nakula wa kwanza."

Akamsimulia yote. Jinsi alivyouzwa akiwa mtoto kwa doti mbili za kaniki. Jinsi alivyotembezwa amefungwa kamba kuelekea Kilwa, akaugua njiani, akaachwa Marambo kwa mtu ambaye baadaye alimwoa. Saadi aliandika kurasa nne. Shule ilipofunguliwa, watoto thelathini na wawili wa darasa la nne wakazinakili, kila mmoja na nakala yake, na hakuna kitabu kilichowahi kusomwa Likunja kwa raha kama kile.

Hapo ndipo alipokosea. Bibi alimwambia kama mtu wa nyumbani, yeye akasikia kama mwalimu. Pande zile mtu hujulikana kwa ukoo wa mama yake, na mtoto wa aliyeuzwa hana ukoo wala wajomba. Bwana Seleman alikuwa ameishi miaka yote akiwaambia watu kwamba wajomba zake wapo Kilwa, matajiri. Watoto wakawasomea wazazi wao. Mchuuzi wa ufuta akaibeba habari mpaka gulio la Marambo. Mzee mmoja akamwuliza Bwana Seleman mbele za watu, "Wajomba wa Kilwa hawajambo? Au nao waliuzwa?"

Posa ikarudishwa wiki hiyohiyo. Saadi alipokwenda kuomba radhi hakukaribishwa hata kukaa.

"Mama yangu aliuzwa mara moja," alisema Bwana Seleman. "Wewe umemuuza tena, uzeeni."

"Baba, niliandika kweli tupu."

"Nani alikwambia kila kweli ni ya kuandikwa? Kachome. Zote. Zikiwa majivu, nitafikiri."

Swaumu naye aliandika mstari mmoja tu: "Ulijua maana ya wajomba, mbona hukuniuliza?" Kisha kimya, miezi. Saadi akakonda. Mwishowe akakusanya nakala zote na daftari lake, akazichoma nyuma ya darasa, akamtuma mshenga tena.

Agosti ikarudi, na masanduku ya vitabu yakarudi. Mradi wa karanga ulikuwa unakufa, vibarua wanafungasha. Saadi aliingia ghalani na shati jeupe. Swaumu alikuwa amesimama kando ya sanduku, amejifunga kaniki nyeusi, mikono haina hina.

"Swaumu! Nimechoma zote. Baba yako amekubali!"

"Najua amekubali. Bibi alifariki Ijumaa."

Saadi akaketi juu ya sanduku. "Innalillahi..."

"Hakukukasirikia hata siku moja, Saadi. Baba ndiye aliyemnyamazisha. Alikuwa akininong'oneza, 'Mwalimu wako ameniandika. Nisomee.' Mimi nilikuwa nimenuna, nikamzungusha, nikamzungusha, mpaka basi. Nimekuja nikitumaini imebaki nakala moja, uniazime."

"Nimekwambia nimechoma."

"Hata ya mtoto mwenye mwandiko mbaya?"

"Nilizihesabu."

Swaumu alifumba macho. Saadi akachomoa penseli haraka. "Naandika upya sasa hivi! Nakumbuka kila kitu. Aliuzwa kwa doti mbili..."

"Hayo Marambo nzima inayajua. Mama yake aliitwa nani?"

Penseli ikasimama.

"Sisi hatukuwahi kumwuliza," alisema Swaumu. "Wewe ulimwuliza. Alifurahi mpaka akalia, aliniambia mwenyewe. Uliandika?"

"Niliandika. Mstari wa pili."

"Basi niambie."

Saadi aliuona mstari ule, aliuona hata wino. Jina halikuja. Swaumu alimsubiri, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Nakupenda," alisema hatimaye. "Mungu anajua. Lakini baba anatuoza kwa sababu umemfuta bibi. Nitaishije na hilo?"

"Swaumu, usiniache."

"Nisamehe, mpenzi."

Alitoka kwenda sokoni bila kuchagua kitabu hata kimoja. Saadi alibaki ameinama juu ya sanduku, anaandika majina ya wanawake, moja baada ya jingine, na kuyakata.