Kidole cha Mwisho

Duka la fotokopi la Ruwi, Uarabuni, lilikuwa limejaa watu, mwaka 1996, na Zahor alisubiri zamu na karatasi zake kwapani. Alikuwa akiandika maisha ya Edmond Verhulle, mchongaji wa Kibelgiji, mtoto wa muoka mikate, aliyefika Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1926. Huko alitengeneza sanamu ya shaba ya mikono ya mtoto, kidole cha mwisho kimepinda, kisha akarudi kwao kufa maskini. Mtoto mwenyewe hakuna aliyemjua.

Mara mkono wenye hina ukapita mbele yake kuchukua karatasi. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda vilevile.

"Kaka, watazama nini?" aliuliza msichana wa abaya nyeusi na mtandio wa zambarau, akinukia udi.

"Kidole chako."

"Makubwa! Wenzio huanza na macho."

Aliitwa Mahfoudha, na kidole alikirithi kwa bibi yake, Muhsina, mzaliwa wa Usumbura. Basi Zahor akawa hajiwezi. Miezi mitatu simu ya kwao Qurum haikupumzika.

"Wanipenda mie au wapenda kidole?"

"Nakupenda wewe mzima, roho yangu. Kidole nimeongezewa tu."

Alimwambia kwamba anaandika kitabu, lakini habari ya sanamu hakumwambia. Aliiweka iwe zawadi ya siku ya posa, na hapo ndipo alipojiponza. Alikulia Bujumbura, Kiarabu chake kilikuwa cha kubabaisha, lakini alitaka kumpendeza baba mtu, mzee Salem. Akampigia simu, akasema kwa Kiarabu kwamba Ijumaa angeleta habari za sanamu ya Bibi. Neno la Kiarabu hakuwa nalo, akalikata mkia la Kiswahili: sanam. Kwa Waarabu hilo ni sanamu la kuabudiwa. Mzee Salem alikata simu.

Jioni Mahfoudha alipiga, akilia. "Baba kaapa hukanyagi kwetu! Nnajua sasa, ulinifuata kwa ajili ya kitabu chako."

Zahor alijua kwamba mwanzo ilikuwa kweli.

Ijumaa alikwenda hivyo hivyo, na picha moja ya ile sanamu mkononi. "Ami Salem, nilikosea. Nilitaka kusema timthal, ya kutazamwa, si ya kuabudiwa."

Mzee Salem alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka mpaka kofia ikamwenda upande, akamkaribisha ndani.

Bibi Muhsina aliipokea picha, akauweka mkono wake kando yake.

"Ndiye mie. Nlikuwa na miaka tisa. Yule Mzungu alinishika mikono, akaiweka atakavyo, siku tatu. Hakuniuliza mie wala mamaangu."

"Bibi, ukisema nisiandike, kitabu nakiacha leo. Mimi nimekuja kwa Mahfoudha."

Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi.

"Kitabu andika, na jina langu ulitie," alisema Bibi. "Lakini yule alichukua bila kuomba. Wewe mdomo unao, mjukuu wangu. Haya, omba."

Zahor akamgeukia mzee Salem, akaomba kumwoa Mahfoudha. Safari hii aliomba kwa Kiswahili.