Nusu Yako, Nusu Yangu

Mkubwa na Mdogo, dada wa tumbo moja, walishona nguo kwenye chumba cha mbele, vyerehani vyao vikitazamana. Tangu utotoni hawakujua kula kitu bila kugawana. Hata mwavuli wao ulikuwa mmoja, na mvua ikinyesha kila mmoja alilowa bega moja.

Mkubwa alipata shambulio la moyo. Alilazwa, akarudi na vidonge. Wakati huo Mdogo naye alikuwa akihema kwa shida. Mkubwa akachukua mkasi wa kitambaa, akakata kila kidonge katikati.

"Sote pumzi zinatukatika," alisema. "Nipone mimi, nikuache wewe?"

Mdogo alimeza. Angemkataliaje dada yake?

Wiki zikapita. Miguu ya Mkubwa ikavimba, kandambili zikawa haziingii. Akawa analala ameegemea mito. Kifua cha Mdogo nacho kikabana zaidi, kikipiga miluzi.

"Leo tuna bendi nyumbani," Mkubwa alimtania, lakini sauti ilikuwa imemwisha.

Asubuhi moja muuguzi wa zahanati alikuja kuchukua sare yake. Aliwakuta na mkasi.

"Shikamooni, mama zangu. Mnakata nini?"

Walipomweleza, alivuta kigoda akaketi.

"Mama, mshipa unaolisha moyo wako uliziba," alimwambia Mkubwa. "Sehemu ya msuli wa moyo ikakosa damu, ikadhoofika. Sasa moyo unasukuma kwa shida, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu."

"Na hivi vidonge?"

"Hiki kinautuliza moyo usikimbie mno. Hiki kinalegeza mishipa, moyo upate nafuu. Hiki kinatoa maji, ndiyo maana unakwenda haja ndogo mara kwa mara. Hiki kinazuia damu isigande ikaziba tena. Daktari alipima kiasi chako. Ukikata nusu bila kumwuliza, moyo unakosa msaada."

"Na mimi je?" aliuliza Mdogo.

"Wewe hujapimwa, mama. Miluzi hiyo huenda ni pumu, na hiki cha kuutuliza moyo kinaweza kumbana kifua mwenye pumu. Twendeni hospitali sasa hivi."

Mdogo alizitazama nusu za vidonge mezani. Kila asubuhi alikuwa akimeza uzima wa dada yake.

Mkubwa alilazwa tena. Mdogo alipimwa, akakutwa na pumu, akapewa dawa yake ya kuvuta. Daktari hakuwaficha: sehemu ya moyo iliyokufa haitarudi. Vidonge vitaulinda moyo uliobaki, navyo ni vya kila siku, hata Mkubwa akijisikia mzima. Mdogo alitoka nje akalia.

Sasa miguu imenywea, na Mkubwa analala vizuri. Lakini hawezi tena kukanyaga cherehani. Anashona vifungo tu, ameketi dirishani. Cherehani chake kimefunikwa kwa shuka, na Mdogo akishona huinamisha kichwa asikione.

Kila asubuhi Mdogo humwekea dada yake vidonge kiganjani. Mkono wa Mkubwa bado hupapasa mezani ukitafuta mkasi.

"Na nusu yako?"

"Hapo sina nusu, dada. Meza vyote. Mkate tutagawana."

Mkubwa humeza. Mdogo humtazama koo mpaka kidonge cha mwisho kipite.