Baharia wa Sahani ya Kumi na Mbili

Jua lilikuwa linazama fundi wa kukarabati vyombo alipomrudishia mjane wa ofisa wa jeshi la majini sahani zake: kumi na mbili za kauri, za kale, kila moja imechorwa baharia mmoja. Fundi mwenyewe alikuwa hoi bin taabani. Mwaka wa tatu huu anamuuguza mume aliyepooza miguu: amgeuze, amwogeshe, amlishe, ndipo ashike brashi. Mungu amsamehe, siku nyingine alimchoka.

Mjane alizikagua mojamoja. Ya mwisho akaisogeza karibu na macho.

"Huyu... uso wake umeutoa wapi?"

"Ulikuwa umefutika, bibi. Nimemchora mume wangu. Sisi mafundi, uso ukipotea tunaazima wa nyumbani."

"Nilikwambia uzibe nyufa tu!" Kisha akanong'ona. "Haukufutika. Marehemu mume wangu aliukwangua mwenyewe. Ulikuwa uso wa mdogo wake... lakini alichelewa, mdogo wake alikuwa ameshaondoka. Hakuonekana tena."

"Alikwenda wapi?"

"Ningejua, mwanangu, ningelala. Chukua sahani, kimbia. Ukwangue kabla mumeo hajavuka mlango."

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu mchovu. Mume wake avuke mlango? Kwa miguu ipi? Hata hivyo alikwenda mbio, sahani kifuani.

Nyumbani taa ilikuwa imezimwa. Kulikuwa na harufu ya chumvi na mwani, na bahari iko mbali, safari ya siku mbili.

Twa... twa... twa...

Nyayo zilizolowa.

Mumewe alikuwa amesimama.

Amesimama! Amevaa shati lake la harusi, maji yakimchuruzika vidoleni, na uso wake umetulia kuliko siku zote za ugonjwa. Fundi alipapasa mezani akaupata wembe wake wa kazi, akauweka juu ya ule uso mdogo aliouchora sahanini kwa rangi ya buluu. Angekwangua mara moja tu, mumewe angebaki. Angerudi kitandani.

"Mke wangu," mume alinong'ona, "umechoka?"

Miaka mitatu, hakuna aliyemuuliza.

Machozi yakamtoka. "Nimechoka, baba. Nimechoka sana."

Akauweka wembe chini.

Mlango ulifunguka, ukafungwa taratibu.

Majirani walimtafuta mgonjwa wiki nzima, wakampa mke pole. Alizipokea. Hakumwambia mtu kwamba jioni ile alijilaza kwenye kitanda kilicholowa, akalala fofofo mpaka asubuhi.